Panya Walipona Kwanza

Watu wakisikia kwamba nilikaa Marekani miaka mingi kwenye utafiti wa saratani, huanza kuniita daktari. Huwakatiza mapema. Sikuwa daktari wala mwanasayansi. Nilikuwa mtunza wanyama. Nilisafisha vizimba, nilipima uzito, nilimshika panya ngozi ya kisogo ili mwenye shahada amdunge sindano. Ila anayempa panya maji kila siku huona mambo ambayo mwenye shahada huja kuyasoma baadaye kwenye jedwali. Siku hizi nimestaafu, nipo Tanga, na vijana wanaosomea utabibu huniuliza kuhusu tiba ya jeni kana kwamba imezaliwa jana. Nimeona niyaandike niliyoyaona, maadamu bado nayakumbuka.

Nilisomea mifugo pale chuo cha Buhuri. Nilijua ng'ombe, mbuzi, kupe na ndigana kali. Panya nilimjua kama mwizi wa ghalani. Mwaka 1994 mke wangu alipata nafasi ya masomo Houston, Texas, nami nikamfuata. Cheti changu hakikuwa na uzito mkubwa kule, lakini kilitosha kunipatia kazi katika jengo moja la utafiti ndani ya Texas Medical Center, eneo ambalo hospitali na vyuo vya tiba vimebanana mtaa baada ya mtaa. Walichotaka ni mtu asiyeogopa wanyama na asiyechelewa kazini. Msimamizi aliponiuliza kama nitaweza kushika panya, nilijizuia nisicheke. Mtu aliyezalisha ng'ombe usiku wa mvua ataogopa panya?

Kumbe panya wale hawakuwa wa kushikwa hovyo. Walikuwa uchi, hawana manyoya, ngozi yao ya rangi ya waridi imekunjamana kwenye mabega. Aina hiyo ilielezwa mara ya kwanza Uskoti miaka ya 1960. Huzaliwa bila tezi ya thaimasi, kwa hiyo kinga yao haiwezi kukataa nyama ya kiumbe mwingine. Ukiwapandikiza seli za saratani ya binadamu, zinamea. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kikohozi chako kinaweza kuua chumba kizima. Tuliingia kwa gauni, kofia, barakoa na glavu. Chakula, maji na hata maranda ya kulalia yalipitishwa kwanza kwenye mvuke wa moto mkali. Chumba kilikuwa ghorofa ya chini ya ardhi, hakina dirisha, na taa ziliwaka na kuzimika kwa saa maalumu ili panya wajue usiku na mchana.

Ugonjwa waliokuwa wakiutafutia dawa ulikuwa saratani ya kinywa: ya ulimi, ya shavu, ya ufizi, ya sakafu ya mdomo. Seli zilizotolewa kwa wagonjwa miaka mingi nyuma zilikuwa zikikuzwa kwenye visahani vya maabara. Daktari mpasuaji alizidunga chini ya ulimi wa panya aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Baada ya siku chache ukipapasa chini ya taya unakuta uvimbe wa milimita chache, mgumu. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Chumba cha pili kilikuwa na hamsta, wanyama wadogo wenye vifuko mashavuni vya kuhifadhia chakula. Tangu mwaka 1954, mtafiti wa Marekani John Salley alipoonyesha njia, hamsta wamekuwa kipimo cha saratani ya kinywa: unapaka kemikali iitwayo DMBA ndani ya kifuko kwa brashi, mara tatu kwa wiki, na baada ya miezi kadhaa saratani inatokea. Mimi niliwapenda hamsta kuliko panya, kwa sababu ugonjwa wao ulitoka katika nyama yao wenyewe na ulifuata hatua zile zile za binadamu: kwanza baka jeupe, halafu kidonda, halafu uvimbe. Panya wa uchi alibebeshwa ugonjwa wa mtu mwingine. Hamsta aliuotesha mwenyewe. Tofauti hiyo sikuielewa vizuri wakati ule. Niliielewa miaka ilipopita.

Tiba ya jeni ilikuwa gumzo la mji. Binti wa miaka 4 alikuwa ametibiwa kwa jeni mwaka 1990 katika taasisi za afya za serikali ya Marekani kwa upungufu wa kinga wa kurithi, na tangu hapo kila maabara ilitaka kujaribu. Houston ilikuwa kitovu kimojawapo. Mwaka 1994 Gary Clayman na wenzake wa kituo cha saratani cha MD Anderson walichapisha kwamba jeni ya p53 iliyo nzima, ikipelekwa kwa kirusi cha jamii ya adenovirusi, inazuia ukuaji wa seli za saratani za kichwa na shingo. Mwaka 1995 Bert O'Malley, Savio Woo na wenzao wakaonyesha kwa panya wa uchi kazi ya jeni nyingine iitwayo tk. Mwaka 1996 wakaiunganisha tk na jeni ya interlukini-2, ile inayoamsha kinga ya mwili, kutibu saratani ya kinywa ya panya. Sisi hatukuwa kundi lao. Tulikuwa majirani, na habari za majirani hupita kwenye korido na foleni ya kahawa kabla hazijafika kwenye majarida.

Nilieleweshwa jeni hizo na mtafiti mmoja kijana ambaye alikuwa na subira ya mwalimu wa darasa la kwanza. Tk imetolewa kwenye kirusi cha hapesi, kile kinacholeta malengelenge mdomoni. Peke yake haidhuru kitu. Lakini seli iliyoipokea hutengeneza kimeng'enya ambacho, mgonjwa akipewa dawa ya gansiklovia, huigeuza dawa hiyo kuwa sumu. Seli ikijaribu kunakili DNA yake ili igawanyike, inakwama na kufa. Sumu hupenya pia hadi seli za jirani ambazo hazikupata jeni. Hilo la ujirani lilikuwa muhimu mno, kwa maana hakuna sindano inayofikia kila seli ya uvimbe.

P53 inafanya kazi kwa namna nyingine. Kila mmoja wetu anayo. Kazi yake ni kukagua DNA: ikiona imeharibika, inasimamisha seli ijirekebishe, na ikishindikana inaiamuru ijiue. Katika saratani nyingi za kinywa jeni hiyo imeharibika. Ndiyo maana kuna uvimbe unaopigwa mionzi na hausikii: DNA yake inakatika vipande, ila hakuna wa kutoa amri ya kufa. Ukiirudisha p53 nzima, halafu ukapiga mionzi, amri inapatikana.

Hapo ndipo jeni na mionzi zilipokutana. Gansiklovia inayovuruga DNA inazifanya seli zishindwe kujitengeneza baada ya mionzi. P53 inazifanya zitii madhara ya mionzi. Chicago, kundi la Ralph Weichselbaum lilikwenda mbali zaidi: mwaka 1995 walichapisha jeni iliyofungwa swichi inayowashwa na mionzi yenyewe, kwa hiyo sumu hutoka pale tu mwale unapopita. Walijaribu kwa panya waliopandikizwa saratani ya kichwa na shingo ya binadamu. Kwa mtu wa mifugo wazo la kuunganisha halikuwa geni. Ng'ombe mwenye ndigana unamchoma sindano ya kuua vijidudu, na zizi lote unaliogesha josho kuua kupe. Ukifanya moja ukaacha jingine, utarudi pale pale mwezi ujao.

Mionzi tulipiga jioni. Mashine ilikuwa ya wagonjwa, na panya walingoja mpaka mgonjwa wa mwisho aondoke. Nilikuwa nikisukuma kitoroli chenye vizimba vilivyofunikwa kwa shuka, nikipita njia ya nyuma watu wasione. Kila panya alilazwa kwa sindano ya usingizi, akanyooshwa kwenye ubao, miguu ikabandikwa kwa plasta ya karatasi, kisha akafunikwa kwa bati la risasi lenye tundu moja dogo lililoacha taya tu wazi. Panya asiye na manyoya akilala usingizi wa dawa hupoteza joto upesi. Vifaa vya kumpasha moto vilikuwa vimebaki maabara, kwa hiyo nilijaza maji ya moto kwenye glavu za mpira, nikazifunga vifundo, nikawalaza ubavuni mwa glavu hizo mpaka walipoanza kutikisa masharubu. Tulitoka chumbani, mlango mzito ukafungwa, mashine ikavuma dakika chache, tukaingia kubadilisha panya mwingine.

Majaribio yalipangwa kwa makundi manne. Wa kwanza hawakutibiwa. Wa pili walipata jeni peke yake, wa tatu mionzi peke yake, wa nne vyote viwili. Kazi yangu ilikuwa kuwapima kwa mizani na kalipa, na kumwita daktari wa wanyama pale panya alipopungua uzito kupita kiwango kilichowekwa na kamati ya ustawi wa wanyama, ili asiachwe ateseke. Hili nililisimamia bila huruma ya kijinga. Panya mwenye uvimbe chini ya ulimi hawezi kutafuna. Ukimwacha na chakula kikavu atakufa njaa kabla saratani haijamuua, na utaandika kwamba ni saratani. Niliwalowekea chakula kwenye maji kikawa rojorojo, nikakiweka sakafuni mwa kizimba ndani ya kisahani kidogo. Baada ya mionzi ndani ya midomo yao palibabuka, mate yakawachuruzika hadi kifuani, na hata rojorojo ile waliila kwa shida.

Wakubwa walingoja takwimu. Mimi nilitazama kapu la waya juu ya kizimba, mahali chakula kikavu kinapowekwa. Kundi la kwanza halikuligusa kabisa. Kundi la pili na la tatu walilamba rojorojo, wengine wakapata nafuu ya wiki chache, kisha wakaanza kukonda. Lakini asubuhi moja, katika vizimba vya kundi la nne, nilikuta unga wa chakula kikavu umemwagika chini ya kapu. Walikuwa wameanza kutafuna tena. Nilimwita yule mtafiti kijana, akaja na mkate wake mkononi, akatazama, akaweka mkate juu ya meza ambayo hairuhusiwi kuwekwa chakula. Kalipa ilithibitisha: uvimbe ulikuwa umesinyaa, na kwa wengine hatukuweza kuupapasa tena.

Nisidanganye kwamba wote walipona. Kwa baadhi uvimbe ulirudi, mara nyingi ukianzia pembeni, mahali ambapo sindano haikufika. Walipochanwa na kutazamwa kwa hadubini, ilionekana kirusi kilikuwa kimejaa kandokando ya njia ya sindano na kupungua kadiri unavyoondoka hapo. Nilisikia sentensi moja ikirudiwa kila mkutano wa Jumatatu: tatizo ni kufikisha. Jeni tunayo, mionzi tunayo, kufikisha ndiko kunakotushinda.

Ilikuwa katika miaka hiyo dada yangu aliponipigia simu kutoka Tanga. Simu ya kimataifa wakati ule ilikuwa ghali, na mtu hakupiga kwa salamu tu.

"Kaka, shangazi ana kidonda shavuni. Kimetoboka."

"Tangu lini?"

"Yeye anasema tangu Maulidi. Mimi nadhani ni tangu Maulidi ya mwaka juzi. Alikuwa akikificha kwa ukaya."

Shangazi alikuwa mtu wa tambuu: jani, popoo, chokaa, katu na kipande cha tumbaku, asubuhi mpaka usiku, tangu alipokuwa mwari. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwekundu vidoleni. Nilikuwa nimeshasoma, katika rundo la makala ambazo yule kijana alinipa, kwamba mwaka 1971 jarida la Nature lilichapisha majaribio ya dondoo ya popoo iliyopakwa kwenye kifuko cha hamsta, na jinsi ilivyoleta saratani. Nilimwambia dada ampeleke hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Nchi nzima wakati ule tiba ya mionzi ilikuwa pale tu. Walimpeleka. Alipigwa mionzi ya kupunguza maumivu, akarudi nyumbani, akafa kabla ya mwaka kwisha.

Katika simu ya mwisho kabla hajafa dada aliniuliza, "Hiyo dawa mnayowapa panya, kaka, haiwezi kutumwa hata kichupa kimoja?"

Nikamjibu, "Bado ni ya panya, dada."

Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikuwa kamili. Hata ingekuwa ya watu, isingemsaidia. Panya wetu tuliwaanzishia matibabu uvimbe ukiwa na milimita chache na umri wa siku chache. Shangazi alifika hospitali na tundu la kupitisha kidole, na matezi shingoni. Hakuna mtafiti ambaye angempokea panya wa namna hiyo kwenye jaribio. Angeandikwa kwamba ugonjwa umeshapita kiasi.

Mwaka 1999 upepo ulibadilika. Tarehe 17 Septemba alifariki Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, katika jaribio la tiba ya jeni la Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hakuwa na saratani. Alikuwa na kasoro ya ini ya kurithi, na alijitolea. Kirusi alichopewa kilikuwa cha jamii ya adenovirusi, jamii ile ile tuliyokuwa tukiitumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba karatasi ya ridhaa aliyotia saini haikumweleza kuwa tumbili waliopewa tiba inayofanana na hiyo walikuwa wamekufa. Januari 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisimamisha majaribio ya taasisi ile. Kwetu, kila kitabu cha kumbukumbu kilifunguliwa upya. Watu walipata hofu. Mimi nilipata hasira, na hasira yangu ilikuwa ya mtunza wanyama: tumbili wale walikuwa wametoa ushahidi wao kwa uhai wao, ukaachwa nje ya karatasi. Kama mnyama hasikilizwi, mnamtesa kwa faida ya nani?

Tangu siku hiyo sikukubali tena kuandika "amekufa, sababu haijulikani" bila kumpeleka mnyama akachunguzwe. Wenzangu walininung'unikia kwa kuwaongezea kazi. Niliwaacha wanung'unike.

Kisha ikaja mvua. Usiku wa Ijumaa tarehe 8 Juni 2001, dhoruba ya kitropiki iliyoitwa Allison ilirudi juu ya Houston na kukaa. Maji yalijaa barabarani, yakaingia maegesho ya magari, yakatafuta ghorofa za chini ya ardhi. Texas nzima watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Hospitali za eneo letu zilikatikiwa umeme, jenereta zikazama, wagonjwa wakabebwa ngazini kwa machela gizani. Mimi nilifika Jumapili, kwa miguu kipande kikubwa cha njia. Mlango wa ngazi za kushukia kwenye vyumba vyetu ulikuwa umefunguliwa, na maji yalikuwa bado yamesimama kwenye ngazi, meusi, yananuka mafuta ya dizeli.

Taasisi moja ya jirani ilipoteza panya wapatao 30,000. Nyingine ilipoteza tumbili 78, mbwa 35 na sungura 300, mbali na panya. Sisi tulipoteza wote: panya, hamsta, na pamoja nao seli zilizokuwa kwenye friza ambazo ziliyeyuka. Jozi za panya zilizokuwa zimezalishwa kizazi baada ya kizazi zikaisha usiku mmoja. Nilishiriki kuwatoa, tukiwa tumevaa mabuti ya mpira na barakoa. Vizimba vilikuwa vimeelea mpaka darini. Sitayasimulia zaidi ya hapo. Ninalotaka msomaji alijue ni kwamba sehemu ya jibu la swali la dada yangu ilizama mle, na hakuna aliyekuwa na nakala. Baada ya Allison, majengo mengi ya utafiti ya eneo lile yalihamisha wanyama na jenereta kwenda ghorofa za juu. Lingekuwa wazo zuri tangu mwanzo.

Sikurudi kwenye panya. Nilipata kazi katika hospitali ya wanyama wa kufugwa, kitengo cha mionzi, na huko ndiko nilikokutana na saratani ya kinywa ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Mbwa huugua melanoma ya mdomo: uvimbe mweusi kwenye ufizi au kaakaa, unaotoka damu, unaokimbilia kwenye mapafu. Paka huugua aina ile ile iliyomuua shangazi. Wagonjwa hawa walikuwa wazee, kinga zao nzima, uvimbe wao wa miezi mingi. Kwa mara ya kwanza niliona mnyama aliyefanana na binadamu anavyofika hospitali: amechelewa.

Hata sheria inawaona mbwa na panya tofauti. Sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966, iliyoongezewa nguvu mwaka 1985, inaagiza mbwa wa maabara wapewe nafasi ya kutembea. Panya wanaofugwa kwa utafiti hawamo ndani yake kabisa. Mwaka 2002 bunge liliwatoa kwa maandishi. Kilichowalinda panya wetu kilikuwa masharti ya wafadhili na dhamiri ya aliyeshika ufunguo.

Kwa mbwa na paka, tiba ya jeni na mionzi zilikuwa zimeshakutana kabla sijafika huko. Mwaka 1996 watafiti wa Ufaransa walichapisha habari za mbwa wenye melanoma na paka wenye saratani ya nyama laini waliofanyiwa upasuaji, wakapigwa mionzi, kisha wakadungwa pale pale seli zilizotiwa jeni ya interlukini-2. Walirudiwa na ugonjwa mara chache kuliko waliopata upasuaji na mionzi tu. Mwaka 1998 Steven Dow na wenzake wa Colorado walidunga jeni moja kwa moja kwenye melanoma za mbwa 26. Kwa 12 kati yao uvimbe ulipungua au ukaisha. Halafu New York, Philip Bergman wa Animal Medical Center pamoja na wataalamu wa Memorial Sloan-Kettering wakatumia jeni ya binadamu iitwayo tirosinasi kama chanjo ya kuizindua kinga ya mbwa. Ripoti yao ya mwaka 2003 ilihusu mbwa 9. Nusu yao waliishi siku 389 au zaidi. Chanjo hiyo ikapata kibali cha muda mwaka 2007 na kibali kamili mwaka 2010.

Niliishika kwa mikono yangu. Mbwa alipigwa mionzi mdomoni mara moja kwa wiki, dozi kubwa kubwa, kwa wiki chache. Chanjo ilitolewa kila baada ya wiki mbili mara nne, kisha kila miezi sita, kwa kifaa kisicho na sindano kinachopenyeza dawa kwa msukumo kwenye paja. Kinalia kama bunduki ya watoto, na mbwa wengi walishtuka kwa mlio kuliko kwa maumivu. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye mbwa mweusi aliyekuwa akifika kabla hatujafungua. Ufizi wa mbwa yule ulisafika, akaishi akabweka miaka miwili. Wengine tuliowatibu kwa mpango ule ule hawakumaliza miezi mitano. Tafiti zilizofuata nazo hazikukubaliana: baadhi ziliona faida, nyingine hazikuiona. Waliofanya vizuri, kwa nilivyoshuhudia, ni wale ambao uvimbe ulikuwa umekatwa wote na mionzi ikasafisha mabaki kabla chanjo haijaanza. Jeni haikuwahi kushinda mlima, ilishinda mabaki.

Kwa upande wa watu, China ndiyo iliyotangulia. Oktoba 2003 iliidhinisha Gendicine, adenovirusi iliyobeba p53, itumike pamoja na mionzi kwa saratani za kichwa na shingo. Ilikuwa dawa ya kwanza ya tiba ya jeni kupewa kibali cha kibiashara duniani. Madaktari wa kule waliripoti kwamba uvimbe uliisha kabisa kwa asilimia 64 ya waliopata vyote viwili, dhidi ya asilimia 19 waliopata mionzi tu. Wataalamu wa Magharibi walihoji jinsi majaribio yalivyofanywa. Dawa ya Marekani ya aina hiyo hiyo, Advexin, iliyotokana na kazi za Houston, ilikataliwa mwaka 2008, na kampuni yake ikafilisika mwaka huo huo. Nilisoma habari hiyo kwenye gazeti, nikakumbuka lile kapu la waya na unga uliomwagika chini yake.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza kama kuunganisha jeni na mionzi kunafanya kazi, jibu langu ni ndiyo, nimeona kwa macho yangu, tena si mara moja. Wanaponiuliza mbona basi haijajaa hospitalini, nawaambia kwamba panya wetu walikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye makala kama sehemu ya dawa: walitibiwa mapema. Uvimbe mdogo jeni huufikia. Mkubwa haiufikii. Hamsta na mbwa walilisema hilo wazi kuliko panya, na tulichelewa kuwasikiliza.

Jambo hilo moja halihitaji maabara wala kibali cha serikali yoyote. Popoo, hata bila tumbaku, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Sigara na tumbaku ya kutafuna zimo tangu zamani. Huku kwetu pwani bado tunavitumia vyote. Ukishindwa kuacha leo, basi angalau fungua mdomo mbele ya kioo penye mwanga, inua ulimi, vuta mashavu, tazama. Baka jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, si cha kufunika kwa ukaya wala kusukutua kwa chumvi. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo, ukiwa bado na milimita zako chache.